UZI: Nani huwaambia chungu wa msituni chakula kiko wapi?

#1 Mtembezi_Bamburi
Assalam aleikum wadau, na wengine hamjambo.

Kwenye ule msitu wa mivinje wa Bamburi, panzi akifa njiani hakai. Ukienda ukirudi unamkuta keshazungukwa, huyu anavuta mguu, yule anavuta bawa, na mstari mzima unatoka shinani mwa mti ulio mbali kabisa. Nani aliwapelekea habari? Msimamo wangu ni huu na niko tayari kuutetea: yuko anayewapanga. Maelfu hawawezi kushika kazi moja bila mkubwa, na mkubwa wao ni malkia. Mwenye hoja tofauti na ailete.

#2 Mkwezi_Likoni
Malkia yuko ndani anataga, hana habari ya panzi wala bawa. Mie kazi yangu ni kukwea minazi, maji moto, wale chungu wekundu washonao majani, nawajua vizuri. Anayetoka nje ni kibarua, azurura kivyake mpaka akutane na kitu. Akipata, arudi mbio. Akikutana na mwenziwe kwenye kuti wanasimama, wanapapasana kwa vile vipapasio, na yule aliyetoka kwenye chakula atikisa kichwa huku taya kaziacha wazi. Basi yule wa pili hageuki tena, aenda moja kwa moja kule alikotoka mwenziwe. Tulia juu ya mti utayaona yote haya kwa macho.

#3 Binti_MjiWaKale
Ni harufu. Panguseni mstari wao kwa kitambaa chenye siki muone wanavyohangaika, wa huku hawavuki kwenda kule.

Halafu mnazungumza kupeana habari, mimi nimeona wakipeana chakula chenyewe. Ramadhani sharubati nyekundu ilimwagika mezani kwetu. Wale sisimizi wadogo wa jikoni, kichwa cheusi na tumbo lisilo na rangi, wakajipanga ukingoni wakanywa. Nikachukua miwani ya nyanya nikawainamia. Tumbo la kila mmoja limevimba, limekuwa jekundu, mwanga wapita ndani. Njiani wakikutana na ambao hawajafika wanashikana mdomo kwa mdomo, na tumbo la yule mgeni nalo laanza kuingia wekundu kidogo kidogo. Nilisahau hata vyombo.

#4 Utingo_wa_Mtwapa
Binti, na vyombo alikuja kuosha nani? 😄

#5 Mwalimu_Tudor
Ahsante Binti, hilo ulilolishuhudia ndilo lenyewe. Chungu ana tumbo mbili. Moja ni lake, jingine ni ghala ya jamii: anachobeba humo hakijawa chakula chake mpaka akipitishe nyuma. Ndiyo maana wachache wanaotoka nje wanaweza kulisha kiota kizima, pamoja na lava, yaani watoto wa chungu, ambao hawana miguu.

Kuhusu harufu, mwishoni mwa miaka ya 1950 Mmarekani Edward O. Wilson alikamua tezi ndogo iliyo karibu na mwiba wa chungu wa moto, akaipaka kwenye kioo akichora mstari. Chungu wakatoka wakaufuata mstari wote mpaka mwisho, na mwisho hapakuwa na chakula. Dutu hiyo huitwa feromoni. Inafifia baada ya muda mfupi, kwa hiyo njia isiyopitwa inajifuta yenyewe. Malkia hamo katika hesabu hiyo, Mtembezi.

#6 Mtembezi_Bamburi
Nakubali mmoja akinusa atamfuata mwenziwe. Lakini mwalimu, kukiwa na njia mbili, ndefu na fupi, nani anaamua? Mimi msituni nawaona daima wako kwenye ile ya mkato. Hapo lazima kuna mwenye kupima.

#7 Mwalimu_Tudor
Swali zuri na limeshajaribiwa. Mwaka 1989 watafiti wa Brussels waliwawekea chungu wa Argentina daraja lenye mikono miwili, mfupi na mrefu, kati ya kiota na chakula. Mwanzoni walipita kote kote. Aliyeshika mfupi aliwahi kurudi, kwa hiyo katika muda uleule ule mkono mfupi ukapakwa harufu mara nyingi zaidi. Waliofuata wakavutwa huko, nao wakaongeza. Baada ya dakika chache karibu wote wako kwenye mfupi, na hakuna hata mmoja aliyepita njia zote mbili akalinganisha.

Mtaliano Marco Dorigo akalichukua wazo hilo, na tasnifu yake ya 1992 ikawafundisha watu wa kompyuta kutafuta njia fupi kwa mtindo wa chungu.

#8 Utingo_wa_Mtwapa
Kumbe ni sisi hawa! Feri ya Likoni ikifurika, wachache wanazungukia barabara ya Dongo Kundu, wakifika mapema wanapiga simu nyuma, kesho kila mtu yuko Dongo Kundu.

#9 Mkwezi_Likoni
Utingo umegeuza. Foleni ya feri yakukimbiza wewe. Chungu wingi wa wenziwe ndio wamvuta.

#10 Mwalimu_Tudor
Mkwezi yuko sawa kwa sehemu kubwa, ila Utingo naye ana haki yake. Mwaka 2004 lilifanyika jaribio jingine la daraja, safari hii wakalifanya jembamba. Pakibanana, aliyekuwa anarudi akigongana na anayekuja, yule anayekuja alisukumwa akashika mkono wa pili, na msongamano haukutokea. Kwa hiyo harufu inavuta na msukumano unatawanya. Vyote viwili vinafanya kazi pamoja.

#11 Utingo_wa_Mtwapa
Mkwezi umesikia? Mwalimu kasema nina haki.

#12 Mtembezi_Bamburi
Mwalimu, umeacha upande mmoja wa lile jaribio la 1989, nami nimelisoma pia. Ule mkono mfupi ulipofunguliwa baadaye, baada ya wao kuzoea mrefu, waling'ang'ania mrefu. Harufu ilishakolea. Sasa hao unaosema wanachagua vizuri wamekwamaje? Kwangu mimi chungu wa msitu halisi hakwami hivyo. Tawi likianguka asubuhi, jioni ana njia mpya. Kuna kitu zaidi ya harufu.

#13 Mkulima_wa_Kwale
Nyote mnasema habari za chungu wanaotuma mpelelezi. Njooni kwetu karibu na Shimba Hills muone siafu. Siafu kibarua hana macho, kipofu kabisa. Na hatumi mtu mmoja kutangulia. Wanatoka kundi zima, kama zulia linalotambaa, wa mbele wanasonga kidogo wanarudi, wengine wanachukua nafasi yao, na mbele inasogea hivyo hivyo. Nyuma ya zulia njia zinaungana mpaka unabaki mstari mmoja mnene, askari wenye vichwa vikubwa wamesimama pembeni taya juu, vibarua wanapita katikati na mizigo.

Waliwahi kuingia kwenye banda letu la kuku usiku. Tulisikia kelele, tulipofika kuku wawili waliokuwa wakiatamia hawakutaka kuacha mayai na walishazidiwa. Wengine tuliwafungulia wakajiokoa. Lakini wallahi baada ya siafu kupita ndani ya nyumba, mende huwaoni, panya huwaoni, nge huwaoni. Marehemu babangu alikuwa akisema watoke watu, waachiwe siafu nyumba mpaka wamalize.

#14 Tabu_wa_Ukunda
Siafu ndio wale weusi wanaopiga mstari mmoja asubuhi kwenda kwenye vichuguu? Wale ukiwagusa wanatoa mlio?

#15 Mkulima_wa_Kwale
Hapana dada Tabu, hao ni sungusungu. Wakubwa zaidi, wana macho, na kazi yao ni mchwa tu. Siafu anakula chochote chenye nyama.

#16 Mwalimu_Tudor
Na sungusungu wana mtindo wa tatu kabisa. Mpelelezi mmoja anakwenda peke yake, akigundua mchwa walikotoka nje kula, anarudi kiotani na kuongoza kikosi cha mamia kadhaa. Wakifika, wakubwa wanavunja ule udongo mchwa waliojifunikia, wadogo wanaingia kukamata. Kisha wote wanarudi pamoja, vinywa vimejaa mchwa.

Kuna Mjerumani, Erik Frank, aliyewatazama kwenye mbuga ya Comoé huko Côte d'Ivoire. Mwaka 2017 yeye na wenzake walionyesha kwamba majeruhi wa vita hivyo wanabebwa kurudishwa nyumbani, na mwaka 2023 wakaonyesha kwamba kidonda kilichoingia vijidudu kinapakwa dawa inayotoka kwenye tezi ya chungu mwenyewe. Waliotibiwa hivyo vifo vyao vilipungua kwa kiasi cha 90%.

#17 Binti_MjiWaKale
Subhanallah. Hili la kubeba majeruhi limenigusa. Sitawamwagia tena mafuta ya taa.

#18 Mpwani_Ughaibuni
Salamu kutoka Ujerumani, nimezaliwa Kisauni. Huku kwenye misitu ya misonobari wapo chungu wekundu wanaojenga kilima cha majani makavu, kingine kinanifika kiunoni. Sheria inawalinda, hairuhusiwi kukivuruga. Mtembezi, wewe unasema kuna kitu zaidi ya harufu, na kwa hawa naona ni kweli. Wana barabara za kudumu, zimefagiliwa safi, kila moja inakwenda kwenye mti maalumu wenye vidukari, wakakamue ule utamu. Majira ya baridi wanajifungia kilimani miezi, harufu yote imekwisha. Jua likirudi, wazee walionusurika wanashika barabara zilezile wanazozikumbuka, na vijana wanatoka pamoja nao. Kibarua mzee anarudi kila siku kwenye mti wake. Hiyo ni kumbukumbu.

#19 Mtembezi_Bamburi
Ahsante ndugu! Hapo ndipo ninapopataka. Wazee wanaongoza. Basi uongozi upo.

#20 Mkwezi_Likoni
Mzee kujua njia si mzee kutoa amri. Hata maji moto wanaosimama mipakani kupigana na kundi la mti wa jirani ni vikongwe, vijana wako ndani wanalea. Wazee wanatangulia kwenye hatari kwa sababu umri wao umekwenda, hakuna aliyewaagiza.

#21 Mwalimu_Tudor
Naongeza kwa Mkwezi. Maji moto hao wana historia na sisi. Miaka ya 1970 Bert Hölldobler aliwachunguza hapa hapa Shimba Hills, na yeye pamoja na Wilson walitenganisha njia tano za kuitana: moja ya chakula, moja ya kwenda eneo jipya, moja ya kuhama, na mbili za adui, wa karibu na wa mbali. Ile ya chakula ndiyo aliyoieleza Mkwezi kwenye #2, kichwa kutikiswa na taya wazi, pamoja na mstari wa harufu kutoka tezi ya nyuma. Akiita kwa ajili ya adui, mwili mzima unarushwa mbele na nyuma. Kwa hiyo harufu inasema "huku", mwili unasema "kuna nini".

#22 Seremala_Changamwe
Mimi najua habari za wa jangwani, huko Tunisia. Hawaachi harufu, joto lingeikausha. Anatoka akizunguka zunguka mbali sana, akipata mdudu aliyekufa kwa jua anarudi nyumbani kwa mstari ulionyooka. Tangu 1911 daktari mmoja, Santschi, alimziba jua upande mmoja akamwonyesha jua la kwenye kioo upande wa pili, chungu akageuka. Na mwaka 2006 watafiti waliwagandisha wengine mironjo ya nywele za nguruwe miguuni wakiwa kwenye chakula. Wakarudi kwa hatua ndefu, wakapita kiota wakaanza kukitafuta mbele. Waliokatwa miguu wakaishia njiani. Wanahesabu hatua!

#23 Tabu_wa_Ukunda
Kukatwa miguu? Maskini.

#24 Mkulima_wa_Kwale
Seremala, hayo ni ya jangwani. Msituni jua liko wapi? Ndani ya Arabuko-Sokoke au ndani ya kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ukiangalia juu ni majani matupu.

#25 Mwalimu_Tudor
Ni majani, na hayo hayo wanayatumia. Mwaka 1980 Hölldobler huyo huyo alitoa jaribio la chungu wakubwa weusi wanaonuka vibaya, aina ya Kiafrika. Aliwawekea juu picha ya vilele vya miti, akaizungusha, na chungu wakabadilisha mwelekeo kuifuata picha. Wanasoma matundu ya mwanga kati ya matawi.

#26 Mtembezi_Bamburi
Sasa tuna harufu, tuna kumbukumbu, tuna vilele vya miti, tuna mwili, tuna hatua. Kila mtu kaleta lake na yote mnasema ni kweli. Mimi nauliza lililo moja: asubuhi ikifika, nani anasema leo watoke wengi au wachache?

#27 Mwalimu_Tudor
Deborah Gordon amelifuatilia hilo miaka mingi kwa chungu wavunaji wa mbegu huko Arizona. Mvunaji anasubiri mlangoni. Waliokwenda wakirudi na mbegu kwa wingi, wanamgusa, na kadiri wanavyomgusa upesi upesi ndivyo anavyotoka. Wakichelewa kurudi, maana chakula ni haba au jua kali, naye anabaki. Hakuna msemaji.

#28 Mpwani_Ughaibuni
Lakini hao ni wa mbegu tena wa nchi kavu, mwalimu. Kwa siafu wa Mkulima hesabu hiyo haifai, wanatoka wote kwa pamoja.

#29 Mkulima_wa_Kwale
Kweli kabisa. Na siafu wakiwa hawana mtu mbele hutokea balaa. Wale wenzao wa Amerika Kusini, huko Guyana, William Beebe, aliyeandika mwaka 1921, aliwaona wamepotea njia wakaanza kufuatana kwa duara. Duara la kama mita 370, mmoja anahitaji saa mbili na nusu kulimaliza, wakazunguka siku mbili mpaka wengi wakafa. Mtembezi, mkubwa wao alikuwa wapi awaambie simameni?

#30 Mtembezi_Bamburi
Malkia alikuwa kiotani. Mkubwa akiwa mbali, watu wanapotea. Huo ni ushahidi wangu, si wako.

#31 Utingo_wa_Mtwapa
😂😂 Huyu hashindiki.

#32 Bi_Mkubwa_Majengo
Wajukuu zangu, mwatafuta mbali. Chungu hufuata mvua. Wakibeba mayai na chakula kupandisha ukutani, anua nguo. Masika yote tangu utoto wangu nawaona. Na wakati wa kaskazi, joto likishika, hawaji kwa sukari, waja kwa maji. Kabati la chakula la mamangu lilisimama miguu yake minne kwenye vikopo vya maji, wakati wa kaskazi chungu walikuwa wanakuja kunywa humo humo kwenye vikopo.

#33 Binti_MjiWaKale
Shikamoo Bi Mkubwa. Ni kweli, na kwetu kuna siku wanaiacha sukari wanakwenda kwenye vichwa vya dagaa. Mwalimu hilo nalo vipi?

#34 Mwalimu_Tudor
Shikamoo Bi. Binti, kibarua wa nje anaendeshwa na sukari, lakini lava wanataka nyama ili wakue. Kiota chenye watoto wengi kinatafuta dagaa. Na chumvi pia ina habari yake: utafiti wa 2008 kule Amerika uligundua kwamba chungu wa misitu ya bara, zaidi ya kilomita 100 kutoka baharini, wanaikimbilia chumvi kuliko wa pwani. Sisi upepo wa bahari unatuletea bure, na wao pia.

#35 Seremala_Changamwe
Mbona basi kwangu Changamwe wamejaa kwenye ng'onda? Ile yote ni chumvi.

#36 Mkwezi_Likoni
Ile ni samaki, Seremala.

#37 Seremala_Changamwe
Samaki mbichi nimemweka pembeni yake hawakumgusa. Nani anijibu hilo?

#38 Ndimu_Mariakani
Samahani kuingilia. Mie nina ndimu zangu, chungu wanapanda na kushuka mchana kutwa na majani yameota masizi meusi. Hawa ni marafiki au maadui? Mkwezi huko juu kawasifu maji moto sana.

#39 Mkwezi_Likoni
Ndugu Ndimu, angalia ni chungu gani. Maji moto kwenye mnazi ni baraka. Mzungu mmoja kwa jina Way alifanya kazi Zanzibar miaka ya 1950, akaonyesha kwamba mnazi wenye maji moto yule kunguni wa nazi haukai, na nazi hazianguki changa. Tatizo ni wale wadogo wa ardhini wenye askari vichwa vikubwa. Hao wanawapiga maji moto na kuwafukuza mtini. Ndio hao hao waliofika Laikipia wakawaua chungu wanaoilinda migunga, tembo wakaivunja migunga, na mwaka 2024 watafiti wakasema hata simba pale wanapata pundamilia wachache kwa kukosa vichaka vya kuvizia. Mdudu mdogo hivyo.

#40 Mkulima_wa_Kwale
Ndimu, masizi yale ni kuvu linaloota juu ya utamu wa vidung'ata. Geuza jani uangalie chini, utaona vidudu vyeupe vyenye unga, na chungu amesimama juu yao. Anawalinda dhidi ya wadudu wanaowala, naye analipwa utamu. Funga kitambaa shinani ukipake girisi, kata matawi yanayogusa ukuta au mti mwingine maana watavukia huko, halafu osha majani kwa maji ya sabuni. Chungu wakikatika, maadui wa vidung'ata watakuja wenyewe.

#41 Ndimu_Mariakani
Nimegeuza jani. Wapo, wengi. Lakini chungu wenyewe ni wekundu na wameshona majani juu kileleni. Si ndio maji moto hao hao wa Mkwezi?

#42 Mkwezi_Likoni
Ndio wenyewe. Maji moto nao wafuga vidung'ata, sikatai. Mie ningewaacha.

#43 Mkulima_wa_Kwale
Mimi ningewakata. Kwenye mnazi sawa, kwenye ndimu hapana.

#44 Mtembezi_Bamburi
Weka picha ya shina na ya kiota, Ndimu. Na kabla ya kupaka girisi tazama wanashukia wapi na kuelekea mti gani, utuletee.